Tabibu Cardano na Hesabu za Dadu

Muhula uliopita, asubuhi moja kabla ya kengele ya mstarini, mzazi mmoja alifika shuleni akanikuta nafungua mlango wa ofisi ya walimu. Alikuwa ameshika leso, na ndani ya leso mlikuwa na dadu mbili za mti. Alizikuta katika mfuko wa madaftari wa mwanawe wa Kidato cha Nne, na kijana alipoulizwa alijibu kwamba amepewa na mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyo ni mimi.

Nilimkaribisha kiti. Mzee hakuja kwa ugomvi, alikuja kwa huzuni. Alinieleza kwamba kaka mkubwa wa kijana huyu alipewa mtaji wa duka, na mtaji wote ukaishia katika kubashiri mipira, katika ile karatasi ambayo vijana huiita mkeka. Sasa akiona dadu katika mfuko wa mdogo mtu, tena aambiwe zimetoka shuleni, afikiri nini? Nilimweleza kwamba dadu zile walizichonga wanafunzi wenyewe kwa vipande vya mninga vilivyobaki katika kazi ya useremala, kwamba uwezekano ni fungu mojawapo la somo la hesabu, na kwamba mwanafunzi haelewi uwezekano kwa kuutazama ubaoni tu, bali kwa kurusha, kuandika na kuhesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: huyo mtu wa kwanza aliyeandika hesabu za dadu, elimu yake ilimwepusha na kamari, au ilimzamisha?

Nilinyamaza, kwa sababu jawabu nilikuwa nalijua. Nikamwomba anipe muda nimjibu kwa maandishi. Mhariri wa gazeti letu amenipa nafasi, basi haya ndiyo maandishi yenyewe. Nayaandika kwa mzee yule, kwa mwanawe, na kwa wote wa Kidato cha Nne ambao swali la dadu liliwatoa jasho katika mtihani wa majaribio.

Mtu huyo aliitwa Girolamo Cardano. Alizaliwa tarehe 24 Septemba, 1501, katika mji wa Pavia, kaskazini ya Italia. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milan aliyependa sana hesabu za maumbo, hata Leonardo da Vinci, yule mchoraji mashuhuri, alikuwa akitaka shauri lake juu ya elimu hiyo. Mama yake, Chiara, alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alipokuwa na mimba ya Girolamo tauni iliingia Milan, naye akakimbilia Pavia. Watoto wale watatu waliobaki nyuma wakafa wote. Wazazi wa Girolamo hawakuwa wamefunga ndoa wakati alipozaliwa, na jambo hilo, ambalo mtoto hakulitenda, lilimfuata hata utu uzima, kama tutakavyoona.

Hesabu za kwanza alifundishwa na baba yake nyumbani. Baba alitaka kijana asome sheria, lakini yeye alichagua utabibu, akasoma katika chuo cha Pavia na baadaye cha Padua. Mwaka 1524 baba yake alifariki akamwachia urithi kidogo. Urithi huo haukukaa. Girolamo aliutumia ukaisha upesi, na ulipokwisha akageukia michezo ya fedha: karata, dadu, hata sataranji, maana siku hizo watu walicheza sataranji kwa kuwekeana fedha.

Hapa sina budi kusema kweli, ijapokuwa kweli hii hainisaidii mbele ya mzee. Mwanzoni Cardano alipata zaidi ya alivyopoteza. Wenziwe walicheza kwa kutegemea siku njema, ndoto na mkono mwepesi. Yeye alicheza kwa kuhesabu. Alijua ni matokeo gani yana njia nyingi za kutokea na ni yapi yana njia chache, na mtu ajuaye hayo katika kundi la wasiojua ni sawa na mwenye taa katika kundi la watu wa gizani. Lakini mchezo ukamzoea naye akauzoea. Katika kitabu alichoandika uzeeni juu ya maisha yake alikiri kwamba alicheza sataranji kwa muda wa miaka arobaini na dadu kwa miaka ishirini na mitano ipatayo, na kwamba hakucheza siku mojamoja bali alicheza kila siku, akapoteza fedha, wakati na heshima.

Kuna kisa kimoja cha ujanani mwake ambacho wanafunzi hunitaka nikirudie. Alikuwa Venice, nyumbani kwa mkubwa mmoja wa mji, wakicheza karata, na Cardano akapoteza sana. Siku ya pili akagundua kwamba karata zilikuwa zimetiwa alama. Akachomoa jambia akamjeruhi mwenye nyumba usoni, si jeraha kubwa, akachukua fedha zake akatoka mbio. Usiku ule ule, akizungukazunguka gizani kwa hofu ya kukamatwa, aliteleza akaanguka katika mfereji wa maji. Mashua iliyokuwa ikipita ikamwokoa. Alipopandishwa alimkuta ndani ya mashua yule yule aliyemjeruhi, uso umefungwa bendeji. Bwana yule hakulipiza kisasi, bali alimpa nguo kavu, wakasafiri pamoja mpaka Padua.

Mimi hupenda kisa hiki kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipokuwa nakwenda chuo cha ualimu mara ya kwanza niliteremka katika stendi moja ya mabasi, nikawaona watu wamezunguka sanduku wanacheza karata tatu. Nilikuwa nimefaulu hesabu vizuri, nikajiambia kwamba karata moja katika tatu si uwezekano mbaya, hasa ikiwa macho yangu yanaifuata. Nauli yangu yote ilibaki pale. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mchezo ni wa haki. Cardano alilijua jambo hili, akaliandika: hesabu ya uwezekano husimama juu ya dadu isiyochezewa na mkono usio na hila, na msingi huo ukiondoka hesabu yote huanguka. Wanafunzi, mnapoona katika swali maneno haya, kwamba dadu ni ya haki, msiyaruke. Hayo ndiyo yanayowapa ruhusa ya kuandika moja ya sita.

Baada ya kupata shahada ya utabibu Cardano aliishi katika kijiji kimoja karibu na Padua, na mwaka 1531 akaoa. Alitaka kufanya kazi Milan, mji wa baba yake, lakini chama cha matabibu wa mji kilimkataa kwa sababu ya ule uzazi nje ya ndoa. Akahamia mji mdogo wa Gallarate. Wagonjwa hawakuja, na fedha ya chakula akaitafuta katika dadu. Sasa ile taa yake haikumfaa kitu. Aliweka rehani vito vya mkewe, kisha vyombo vya nyumba. Walipohamia Milan hali ikazidi kuwa mbaya hata mume na mke wakaingia katika nyumba ya maskini. Mzee wangu, jawabu la swali lako ndilo hilo. Mtu aliyezijua hesabu za dadu kuliko watu wote wa zama zake aliweka rehani hata vyombo vya nyumbani kwake.

Lakini maisha yake hayakuishia pale, nami sipendi kumwacha mtu katika nyumba ya maskini kabla sijaeleza alivyotoka. Mwaka 1534 alipata kazi ya kufundisha hesabu Milan, kazi ambayo baba yake aliwahi kuifanya. Akaanza kutibu watu pembeni, na wengine wakapona, hata baadhi ya wale waliokuwa katika chama kilichomkataa wakawa wanamwita kwa shauri. Mwaka 1539 chama kikamkubali. Mwaka 1545 alitoa kitabu kikubwa cha aljebra kiitwacho Ars Magna, ambacho ndani yake mlichapishwa njia ya kufumbua milinganyo ya daraja la tatu na la nne. Njia ya daraja la tatu aliipata kwa mwenzake Tartaglia kwa ahadi ya kutoitoa, na baada ya kuitoa pakazuka ugomvi ulioendelea miaka mingi. Njia ya daraja la nne ilikuwa ya mwanafunzi wake Ferrari, aliyeingia nyumbani kwake kama mtumishi. Habari hizo zinahitaji makala ya peke yake. Hata ile shafti ya gari inayopeleka nguvu ya injini nyuma, Wajerumani na Wafaransa huiita kwa jina lake mpaka leo.

Sifa yake ya utabibu ilivuka bahari. Mwaka 1552 aliitwa kwenda Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton, aliyekuwa na pumu ya kumkaba. Cardano alimtazama kwa siku nyingi kabla ya kuamua, kisha, pamoja na kumpangia chakula na usingizi, akamwondolea matandiko ya manyoya ya ndege. Mgonjwa akapata nafuu. Njiani kurudi alipita London akaonana na Mfalme Edward wa Sita, kijana mdogo, akampigia nyota, akatabiri kwamba ataishi zaidi ya miaka hamsini na mitano. Mfalme alifariki mwaka uliofuata, 1553, akiwa na miaka kumi na mitano. Tazameni ajabu ya mwanadamu: mtu yule yule aliyejua kuhesabu njia zote za dadu aliamini kwamba nyota zinamwambia siku ya kufa ya mfalme.

Mwaka 1560 ulimvunja. Mwanawe wa kwanza, Giambattista, tabibu kama baba yake, alimwua mkewe kwa sumu. Cardano alitafuta mawakili, akatoa fedha, akajitetea kwa kila njia, lakini kijana alihukumiwa akakatwa kichwa mwezi wa Aprili mwaka huo. Mwana wa pili, Aldo, alikuwa mcheza kamari kama baba alivyokuwa, ila hakuwa na hesabu ya baba. Alimaliza vyake, akamaliza vya baba, mwishowe akavunja nyumba ya baba yake akaiba fedha na vito. Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka mbele ya serikali ya Bologna, na kijana akafukuzwa katika mji. Ninapofika hapa huwa nasita kidogo, maana najua mzee yule aliyekuja na leso atasoma maneno haya, na sina neno la kumpunguzia.

Katika miaka hiyo ya huzuni, alipokuwa na umri upatao miaka sitini na mitatu, Cardano alikirudia kitabu kidogo juu ya michezo ya dadu ambacho alikuwa amekianza ujanani. Katika vitabu tulivyo navyo, hicho ndicho cha kwanza kilichojaribu kuziweka hesabu za bahati katika kanuni. Nataka tukae nacho kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye faida yetu.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuhesabu njia zote zinazoweza kutokea, akaziita kwa neno lenye maana ya mzunguko. Dadu moja ina mzunguko wa sita. Dadu mbili zina mzunguko wa 36, na dadu tatu 216. Kisha huhesabiwa njia zile tunazozitaka, na kulinganishwa na mzunguko. Ndiyo kanuni ile ile tunayoiandika ubaoni leo. Mathalani, katika dadu mbili, njia ngapi zina moja angalau mara moja? Darasani kwetu wengi hujibu 12, kwa kuwa dadu ya kwanza ina njia sita na ya pili ina njia sita. Cardano aliandika 11, maana njia ile ya moja na moja haipaswi kuhesabiwa mara mbili. Njia zenye moja au mbili ni 20, na zenye moja au mbili au tatu ni 27. Asiyeamini na achore mraba wenye visanduku 36 atie kivuli, kama tulivyofanya.

Sasa makosa. Kosa lake la kwanza lilikuwa hili: alisema kwamba kwa kuwa dadu ina pande sita, na nusu ya sita ni tatu, basi ukirusha mara tatu una nusu ya kupata namba uitakayo. Nilipouliza swali hilo Kidato cha Nne, mikono yote iliyoinuliwa ilijibu kama Cardano. Sikuwaambia kitu. Nikawagawia zile dadu, kila wawili dadu moja, wakarusha mara tatu tatu na kuandika kila fungu kama limepata sita au halikupata, mpaka darasa zima likatimiza mafungu 216. Kama jawabu lingekuwa nusu, mafungu yenye sita yangekuwa 108 au karibu yake. Tulipojumlisha ubaoni hayakufika hata 91. Darasa likanyamaza, kisha msichana mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwamba tuhesabu yale yaliyokosa. Kukosa mara moja ni njia tano katika sita. Kukosa mara tatu ni tano mara tano mara tano, yaani 125 katika 216. Yanayobaki ni 91. Ukitaka uwezekano upite nusu lazima urushe mara nne, maana hapo zinazokosa ni 625 katika 1,296, na zinazopata ni 671.

Cardano naye, katika ukurasa mwingine wa kitabu kile kile, aliandika hizo hizo 91 na 125 kwa dadu tatu. Lakini akitoka katika shimo moja aliingia katika jingine. Alijiuliza: je, kama nataka nifaulu hivyo mara mbili kwa kufuatana? Akazidisha 91 kwa 91 akapata 8,281, na 125 kwa 125 akapata 15,625, akasema kwamba uwiano wa kukosa kwa kupata ni kama mbili kwa moja. Hesabu za kuzidisha ni sahihi, mawazo ndiyo yaliyopotoka.

Na hapa ndipo nilipompenda mtu huyu pamoja na maovu yake. Sura inayofuata ameipa kichwa kinachosema kwamba inahusu kosa lililofanywa katika jambo hilo. Hakurudi kulifuta kosa lake. Aliliacha lisimame, akaandika chini yake kwa nini haliwezi kuwa kweli. Alilijaribu kwa mfano mwepesi: namba shufwa na namba witiri zina uwezekano sawa, moja kwa moja. Ukizidisha moja kwa moja unapata moja, na moja kwa moja unapata moja tena. Basi kwa kanuni ile, kupata shufwa mara mbili mfululizo kungekuwa sawa na kukosa, na mara tatu vile vile, na mara kumi vile vile, jambo ambalo kila aliyewahi kushika dadu anajua kuwa ni upuuzi. Ndipo akaona kwamba kinachozidishwa ni njia tuzitakazo kwa njia tuzitakazo, na mzunguko mzima kwa mzunguko mzima, wala si zilizokosa kwa zilizokosa. Shufwa mara tatu ni njia moja katika nane, yaani saba dhidi ya moja. Na lile swali lake la kwanza ni 8,281 katika 46,656, maana 216 kwa 216 ndiyo hiyo, hivyo zinazokosa ni 38,375: zaidi ya nne na nusu kwa moja, si mbili kwa moja.

Mzee wangu, mkeka wa mwanao mkubwa umejengwa juu ya kosa hili hili. Kijana huchagua mechi tano, na katika kila mechi anaona kwamba ana nusu ya kupata, basi moyoni hukaa na ile nusu kana kwamba ndiyo ya mkeka mzima. Lakini nusu mara tano ni moja katika 32. Tena mechi ya mpira haina matokeo mawili tu, kuna na sare. Kama matokeo matatu yangekuwa sawasawa, mechi tano zingempa njia moja katika 243. Mwenye duka la kubashiri anaijua hesabu hiyo, nayo ndiyo inayomlipia pango.

Kitabu cha dadu hakikuchapishwa wakati wa uhai wa Cardano. Mwaka 1570 alikamatwa na mahakama ya Kanisa akafungwa kwa miezi kadhaa Bologna. Alipotolewa hakuruhusiwa tena kufundisha wala kuchapisha vitabu. Akaenda Roma, ambako baadaye Papa alimpa posho, na huko akaandika habari za maisha yake pasipo kuficha aibu zake. Alifariki tarehe 21 Septemba, 1576, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75. Watu walisema kwamba alijinyima chakula ili afe siku aliyojitabiria, lakini mimi siwezi kuitia hadithi hiyo katika somo la takwimu.

Makaratasi yake yalikaa. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na mwaka 1657 Mholanzi Huygens akachapisha kitabu chake juu ya hesabu za dadu. Elimu ya uwezekano ikahesabiwa kuwa imeanza kwao. Kitabu cha Cardano kilitoka mwaka 1663 tu, ndani ya mkusanyo wa kazi zake zote, miaka 87 baada ya kuzikwa, wakati wengine walikwisha kuipita njia aliyoikata gizani.

Basi nimrudie mzee wetu. Uliniuliza kama elimu ilimwepusha au ilimzamisha. Kwa muda mrefu haikumwepusha; alijua na akacheza, na mwanawe aliyoyaona nyumbani yalikuwa ni kucheza, si kuhesabu. Mimi siwezi kukuapia kwamba mwanao mdogo hatacheza kamari kwa sababu amejua moja katika 32. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba dadu hazitatoka tena darasani. Sasa zimo katika kopo la chaki, katika kabati la ofisi, na ufunguo ninao mimi. Kama una nafasi, kijana atakuja nyumbani likizo hii na mraba wa visanduku 36 katika daftari lake. Mwambie akuonyeshe kwa nini ni 11 wala si 12. Na yule kaka yake, kama yupo, naye akae karibu.

Kwa Kidato cha Nne, hili ndilo zoezi la likizo. Rusha dadu tatu, ujumlishe. Jumla ya tisa inapatikana kwa makundi sita ya namba: 6, 2, 1, 5, 3, 1, 5, 2, 2, 4, 4, 1, 4, 3, 2, na 3, 3, 3. Jumla ya kumi nayo ina makundi sita: 6, 3, 1, 6, 2, 2, 5, 4, 1, 5, 3, 2, 4, 4, 2, na 4, 3, 3. Lakini wachezaji wa zamani waliona kwamba kumi hutokea zaidi kidogo kuliko tisa. Nataka mnieleze kwa nini, na mnipe idadi ya njia katika 216 kwa kila mojawapo. Fanyeni kwa kalamu ya wino. Mkikosea pigeni mstari mmoja juu ya kosa, ili niweze kulisoma, kisha endeleeni chini yake. Madaftari yaletwe Jumatatu ya kwanza ya muhula.